Kiuno kinauma baada ya kunyanyua chuma

Swali: Nilinyanyua kilo 140 kutoka sakafuni. Sasa hata kuinama kufunga kamba za viatu ni shida. Nipumzike mwezi mzima?

Jibu: Mwezi wa kulala utakudhoofisha bure. Tembea kila siku, na maumivu yakipoa rudi na kilo 60, chuma kikiwa juu ya vitalu, chini kidogo ya magoti. Kipimo ni asubuhi inayofuata: maumivu yakizidi, punguza. Mkanda wa kunyanyulia hautibu, unalipatia tumbo mahali pa kusukumia, basi. Chuma kikwaruze soksi kikipanda, maana kikienda mbele kidogo tu, mzigo unaongezeka kiunoni. Lakini ukipata ganzi sehemu za siri, miguu ikilegea au mkojo ukikataa kutoka, nenda hospitali saa hiyo hiyo.