SOMO LA KIKUNDI: BIASHARA INA MIEZI YA KUKUA NA MIEZI YA KUPUMZIKA



Somo hili lataka kama saa moja na nusu. Mmoja asome kwa sauti, wengine wasikilize, kisha mjadiliane. Mje na kitabu chenu cha mapato, mawe 12 na bakuli la punje za mahindi.

1. HADITHI

Kikundi kimoja cha akina mama huku magharibi kilikuwa na mashine ya posho. Huku kwetu mahindi hupandwa Machi na Aprili, na kuvunwa kuanzia Oktoba. Desemba moja watu walipanga foleni mpaka barabarani. Baada ya kulipa dizeli na kijana wa mashine, kikundi kilibaki na shilingi 14,000 mwezi huo. Akina mama wakasema, "Mungu ametukumbuka, tuongeze mashine ya pili." Wakachukua mkopo wa kulipa shilingi 8,000 kila mwezi. Mimi nilikuwa katika mkutano huo, na nilipiga makofi pamoja nao.

Januari na Februari walilipa vizuri. Kufika Mei, maghala ya watu yalikuwa matupu. Aliyezoea kuleta debe sasa alileta gorogoro mbili, tena akiomba aandikwe deni. Juni kikundi kilibaki na shilingi 4,000 tu. Maneno yakaanza: "Mama mweka hazina anakula pesa zetu." Mama huyo akauza mbuzi wake wawili ili mkopo wa mwezi ulipwe na kikundi kisiaibike. Hata hilo likageuzwa kuwa ushahidi: "Kama hakuiba, mbona analipa?"

Niliitwa kupatanisha. Nikaomba vitabu vya miaka miwili iliyopita, tukavisoma mbele ya wote. Miaka yote miwili, pesa zilishuka Mei, Juni na Julai, zikapanda tena baada ya mavuno. Hakuna aliyeiba. Ulikuwa msimu tu. Vitabu hivyo vilikuwa kabatini siku zote, lakini ile Desemba hakuna aliyeviuliza, hata mimi.

Mashine ya pili iliuzwa kwa hasara ili kumaliza mkopo. Wanachama walimrudishia mama yule bei ya mbuzi na kumwomba msamaha. Akawasamehe. Lakini kushika kitabu tena alikataa, na mpaka leo amekataa.

2. TUNAJIFUNZA NINI?

Wahenga walisema, kupanda mchongoma, kushuka ndio ngoma. Shambani sisi sote twajua kuna wakati wa kupanda, kupalilia, kuvuna na kuacha udongo upumzike. Hakuna mkulima anayemshtaki mwenzake kwa sababu hakuna mahindi mwezi wa Mei. Katika biashara twasahau, twadhani kila mwezi lazima uwe kama Desemba.

Kazi ya kiongozi hubadilika kulingana na majira:

(a) Wakati wa kuanza. Pesa hutoka kuliko zinavyoingia. Kiongozi atie watu moyo na aandike kila shilingi, hata zile zinazolipwa kwa simu.

(b) Wakati wa kukua. Huu ndio wakati wa hatari, kwa maana kila mtu ana furaha na hakuna anayeuliza maswali. Kiongozi awe breki. Yusufu kule Misri alijaza maghala miaka ya neema, hakungoja njaa ifike.

(c) Wakati wa kupumzika. Wateja ni wachache. Kiongozi azuie lawama, apunguze gharama na atengeneze vilivyochakaa.

3. KANUNI TATU

Kwanza: Pima deni kwa mwezi mbaya, si kwa mwezi mzuri. Kama Juni mnabaki na 4,000, msichukue mkopo wa kulipa 8,000 kila mwezi. Mwombeni mkopeshaji awapangie kulipa zaidi baada ya mavuno. Akikataa, ngojeni.

Pili: Wekeni akiba ya mashine wakati wa neema. Tuseme mashine ilinunuliwa shilingi 180,000 na itafanya kazi miaka 6. Kila mwaka "inakula" 30,000. Miezi sita mizuri wekeni 5,000 kila mwezi, miezi mibaya msiweke kitu. Mwaka ukiisha mna 30,000. Pesa hizi si za kugawana Krismasi.

Tatu: Linganisheni Juni na Juni ya mwaka jana, wala si na Desemba. Kama Juni hii ni sawa na ile, biashara imepumzika tu. Kama imeshuka sana, basi iko mgonjwa: labda mashine ya umeme imefunguliwa sokoni, au unga wenu una mchanga. Au mvua imekosa, kama ilivyokuwa kaskazini na mashariki mwa Kenya, ambako misimu mitano ya mvua ilikosa mfululizo kuanzia mwisho wa 2020 hadi mwisho wa 2022. Mapumziko hungojewa, ugonjwa hutafutiwa dawa.

4. KUPUMZIKA SI KULALA

Miezi ya wateja wachache, fungueni mashine siku tatu kwa wiki, kama vile siku za soko. Dizeli itapungua, na akina mama watapata nafasi ya kupalilia. Fundi aje abadilishe nyundo zilizolika, aangalie chekeche na mkanda. Vitabu vikaguliwe mbele ya wanachama wote. Na viongozi nao wapumzike: mweka hazina aliyeshika kitabu miaka mingi apewe msaidizi, amfundishe. Mtu aliyechoka hukosea hesabu, na kosa la hesabu huitwa wizi haraka sana.

5. KAZI YA KIKUNDI

Pangeni mawe 12 chini kwa mstari, kila jiwe ni mwezi. Kila mwanachama, hata asiyejua kusoma, aweke punje: nyingi kwa mwezi wa pesa nyingi, chache kwa mwezi wa shida. Kisha fungueni kitabu, mwone kama punje na kitabu vinakubaliana. Wenzetu wa Ukambani wenye mavuno mawili kwa mwaka watapata picha tofauti na yetu. Nakilini picha hiyo kwenye karatasi kubwa, muitundike ukutani penye mashine.

6. MASWALI YA KUJADILI

1. Mwezi wetu mbaya kabisa ni upi? Tulibaki na shilingi ngapi mwaka jana?
2. Je, mkopo tulio nao unalipika mwezi huo?
3. Kuna mtu tuliyewahi kumlaumu kwa jambo lililokuwa la msimu tu? Tumemwomba msamaha?

Swali la tatu msiliruke. Kama mtu huyo yuko kwenye mkutano, mwacheni yeye aseme kwanza.