Somo la Uraia: Kwa Nini Chama Kimoja Kilikubali Vyama Vingi?

Wazee wetu hapa Nyahanga wanakumbuka uchaguzi wa mwaka 1965. Wagombea ubunge walikuwa wawili, wote wa TANU. Mmoja alama yake jembe, mwingine nyumba. Tulichagua mtu, hatukuchagua chama. Mwaka 1977 ikaja CCM, nayo ikabaki peke yake.

Lakini tarehe 1 Julai 1992 vyama vingi viliruhusiwa. Hapakuwa na vita. Tena, Tume ya Jaji Francis Nyalali, iliyoundwa mwaka 1991 na Rais Ali Hassan Mwinyi, iliwauliza wananchi. Katika kila watu 10, karibu 8 walitaka chama kimoja kiendelee. Hata hivyo Tume ilishauri vyama vingi, na serikali ikakubali. Kwa nini?

Kwanza, hali ilikuwa ngumu. Baada ya vita vya Kagera vya 1978 na 1979, sabuni na sukari viliadimika. Tulipanga foleni madukani. Serikali ilihitaji mikopo ya nje, na wakopeshaji nao walitaka mageuzi.

Pili, dunia ilibadilika. Mwaka 1989 serikali za chama kimoja za Ulaya ya Mashariki zilianguka. Jirani yetu Kaunda wa Zambia alishindwa uchaguzi mwaka 1991. Ukiona mwenzako ananyolewa, wewe tia maji.

Tatu, watu walianza kudai. Mwalimu Nyerere mwenyewe alisema mwaka 1990 kwamba jambo hili lijadiliwe. Na wengi waliopenda chama kimoja walitaka kirekebishwe.

Nne, viongozi waliona heri kuwahi. Chukua mfano wa mzee mwenye ng'ombe wengi. Wanawe wamekua, wananung'unika. Mzee mwerevu hangoji ugomvi. Anagawa mapema. Lakini akigawa mapema, ni yeye anayechagua ng'ombe wa kutoa na wa kubaki nao!

Ndivyo ilivyokuwa. Tume ilitaja sheria 40 zilizobana haki, ikashauri zifutwe au zirekebishwe. Nyingi hazikuguswa haraka. Ilishauri pia katiba mpya, lakini tunatumia bado ile ya 1977, yenye viraka vingi. Na uchaguzi wa vyama vingi wa mwaka 1995 ulishindwa na nani? CCM, kwa Benjamin Mkapa.

Je, basi mageuzi yalikuwa bure? La. Ng'ombe mmoja ukimtunza, anazaa. Haki ndogo pia, ukiijua na kuitumia, inakua. Ukiiacha zizini bila majani, inakufa. Wewe uliyejifunza kusoma unaweza kuisoma katiba mwenyewe, usingoje kusimuliwa.

Maswali ya kujadili:
1. Taja sababu nne za mageuzi ya 1992.
2. Je, Tume ilifanya sawa kuwasikiliza wale 2 kati ya 10?
3. Katika mkutano wa mtaa au kijiji chako, ni haki gani unayo na huitumii?