Kutafakari na presha

Swali: Daktari, nina presha ya kupanda. Rafiki ananihimiza nitafakari kila asubuhi. Je, naweza kuacha vidonge?

Jibu: Vidonge usiache, tafadhali. Presha hupanda bila dalili, na kiharusi hakibishi hodi. Ila rafiki yako hajakosea. Mwaka 1975 Herbert Benson, daktari wa Harvard, alieleza jinsi kutulia na kurudia neno moja kunavyopunguza kasi ya moyo na ya pumzi. Mwaka 2017 Chama cha Moyo cha Marekani kilisema kutafakari kunaweza kuongezwa kwenye tiba ya kawaida, si kuchukua nafasi yake. Kaa wima dakika 10, fuata pumzi; mawazo yakizurura, yarudishe bila kujilaumu. Endelea kupima presha kliniki.