Mvua iko, chemchemi inakauka: maji inaenda wapi?



Tukifika kwenye mikutano ya vikundi, milimani kuzunguka Butembo au kule chini upande wa Beni, tunasikia neno lilelile: "Agronomu, mvua imehama." Lakini mama mmoja aliniambia namna nyingine: "Mtoto wangu, mvua inanyesha sawa zamani, lakini chemchemi yetu inakauka. Ile maji inaenda wapi?"

Kikundi chake kina mashini ya kumenya kahawa. Kuosha kahawa kunataka maji mengi na safi. Chemchemi ikipungua wakati wa mavuno, kahawa inakaa ndani ya beseni kupita saa zake, inachacha, inanuka, na mnunuzi anashusha bei. Kwa hiyo swali la yule mama ni swali la pesa ya mwaka mzima, na tutalijibu pole pole tukianzia mbali.

Maji ya dunia hayaishi, wala hakuna mapya yanayozaliwa. Yanazunguka. Angalieni sufuria ya muhogo kwenye moto: mvuke unapanda, unagusa kifuniko chenye baridi, unageuka matone, matone yanaanguka tena ndani. Jua ndilo moto, hewa ya juu ndiyo kifuniko. Katika kila lita 100 za maji ya dunia, karibu 97 ziko baharini, na ni za chumvi. Jua linapoinua mvuke, chumvi inabaki nyuma. Ndiyo sababu mvua ni tamu hata kama imetoka baharini.

Sasa, kutoka hapa Butembo hadi Bahari ya Hindi ni zaidi ya kilometa 1.000, na hadi Atlantiki kule Moanda ni karibu 2.000. Unyevu wa bahari hauwezi kufika kwetu kwa mruko mmoja. Unanyesha njiani, miti inaunywa, inautoa tena kwa majani, upepo unaubeba, unanyesha mbele zaidi. Pori kubwa la Mambasa na Ituri linafanya kazi hiyo kila siku, na sehemu kubwa ya mvua ya bonde la Kongo ni maji ambayo miti ilishayatoa mara moja au zaidi.

Asiyeamini afanye hivi: achukue sashe ya plastiki inayoangaza, aifunge kwenye tawi la mwavoka lenye majani mengi, asubuhi jua likitoka. Saa sita arudi. Ndani ya sashe atakuta maji. Mti umeyavuta chini kwa mizizi na kuyarudisha hewani. Nimefanya jaribio hili na watoto wa shule na pia na wazee, na wazee ndio walishangaa zaidi.

Juu ya majira: sisi tuko karibu kabisa na mstari wa ikweta, unaokata barabara kati ya Butembo na Lubero. Jua linapita juu ya vichwa vyetu mara mbili kwa mwaka, mwezi wa tatu na mwezi wa tisa, na mvua kubwa zinalifuata. Ndiyo maana tuna misimu miwili ya kupanda. Na milima nayo inafanya kazi. Hewa yenye unyevu ikipanda mlima inapoa, karibu digrii 6 kwa kila meta 1.000, mvuke unageuka wingu na mvua. Ikishuka upande wa pili inapata joto, mawingu yanakatika. Ndiyo sababu milima ya Lubero na Ruwenzori inapata mvua nyingi, lakini uwanda wa Semliki kule Kasindi una majani makavu.

Wengine wanafikiri mito ya Ruwenzori inaishi kwa ile barafu ya juu. Hapana. Barafu ile ni kidogo, na inaendelea kuyeyuka na kupungua. Mito inaishi kwa mvua ambayo msitu na udongo wa mlima vinaishika na kuiachilia taratibu. Na hapo ndipo tunakaribia jibu la yule mama.

Mvua ya milimeta 1 ni lita 1 kwa kila meta ya mraba. Tuseme jioni moja imenyesha milimeta 20. Nyumba yako ya manjanja yenye meta 8 kwa 5 imepokea lita 800. Hektari moja ya shamba imepokea lita 200.000, maana yake bido 10.000 za lita 20! Je, ngapi zimebaki shambani?

Kama udongo una majani juu yake na mizizi ndani, maji mengi yanazama. Sehemu inanywewa na kahawa na maharagi, sehemu inashuka ndani kabisa, inatembea polepole chini ya ardhi, na inatokea bondeni baada ya wiki au miezi. Maji unayochota mwezi wa saba ni mvua iliyozama zamani kwenye mlima ulio juu ya chemchemi. Kama mlima huo uko uchi, maji yanateleza juu juu, yanabeba udongo mzuri na mbolea, na usiku uleule yamefika mtoni. Upande wa mashariki yanaenda Semliki, Ziwa Albert, Nili, mpaka Mediterania. Upande wa magharibi yanaenda Ituri, mto Kongo, Atlantiki. Kwa hiyo mama, mvua haikuhama. Maji yanapita tu bila kulala kwetu.

Vita nayo imechangia: watu wengi waliokimbia mashamba yao upande wa Beni wanalima pale wanapopata, hata kwenye miteremko mikali. Siwalaumu, mtu lazima ale.

Kuna sababu ya pili, nami nina kosa langu. Nilipoanza kazi niligawa miche ya mikaratusi kwa kikundi kimoja bila kuuliza wataipanda wapi. Waliipanda bondeni, kuzunguka chemchemi, kwa sababu pale inakua haraka. Inakua haraka kwa kuwa inakunywa sana. Baada ya miaka michache maji yalikuwa uzi. Mikaratusi tunaihitaji kwa mbao na makala, lakini mahali pake ni kwenye mgongo mkavu, mbali na chemchemi. Iliyo bondeni ikatwe na visiki ving'olewe, la sivyo vitachipuka tena. Mahali pake pandeni miti ya kienyeji kama fikusi, ambayo wazee waliiacha penye maji na walijua sababu.

Kujenga uzio wa meta tano kuzunguka jicho la chemchemi kunasaidia usafi tu. Kazi yenyewe iko juu mlimani: mistari ya tripsakumu inayokata mteremko, si inayoshuka nao, mitaro ya kushika maji, ya kuchimbwa kwa salongo kabla ya mwezi wa nane kwisha, majani makavu chini ya kahawa, miti ya kivuli kati yake. Ugumu ni kwamba mwenye mlima mara nyingi si mwanachama. Kikundi cha yule mama kilienda kwake na mazungumzo, siyo na barua ya chefu. Wanampa vipande vya tripsakumu na siku za salongo, yeye anabaki na majani kwa mbuzi wake. Alikubali.

Na pimeni. Kila tarehe moja ya mwezi, wekeni bido ya lita 20 chini ya mfereji wa chemchemi, hesabuni kwa saa inajaa kwa dakika ngapi, andikeni katika daftari ya koperativi pamoja na kama wiki hiyo ilinyesha. Chagueni mtu mmoja wa kazi hiyo, asiyesahau. Mjumbe wenu alete daftari kwenye mkutano ujao, tutalinganisha chemchemi za vikundi vyote.