Tambi za jiko ya petroli

Wanafunzi wenzangu, mara nyingi kinachoharibika katika jiko ya petroli ya zamani si bati, ni tambi. Utambi unavuta mafuta kupitia nafasi ndogo za nyuzi za pamba. Zikizibwa na uchafu, mafuta haipandi, utambi wenyewe ndio unaungua. Badilisha tambi zote pamoja, zikate sawasawa, ngoja zilowane vizuri mbele ya kuwasha. Nailoni hapana, inayeyuka. Moto mzuri ni wa buluu. Ukiwa wa njano, sufuria inakuwa nyeusi.

Sasa sikilizeni. Petroli na esansi huuzwa katika chupa za namna moja. Mvuke wa petroli safi hauwaki mpaka mafuta ipate joto ya digrii 38 ao zaidi. Wa esansi unawaka hata penye baridi, na jiko inaweza kulipuka. Muulize muuzaji, unuse. Ukiwa na shaka, acha. Na mbele ya kujaza mafuta, zima jiko, ngoja ipoe.