Somo la Usalama: Kupiga Picha Ukiwa Kiti cha Mbele

Yeyote aliyeondoka Nakivale alfajiri, akashuka Mbarara, kisha akapata gari la Kampala, anaujua utamu wa kiti cha mbele. Abiria wa kiti hicho huiona nchi ikimjia: migomba iliyofunikwa na ukungu, ng'ombe wa Ankole wenye pembe ndefu, vilima vya Isingiro vinavyobaki nyuma. Si ajabu mkono ukaitafuta simu. Wengi wa wasomaji wetu wana jamaa Bukavu, Bujumbura, Mogadishu au ng'ambo ya bahari, na picha moja ya njiani huwaambia jamaa hao neno wanalolingoja: tu wazima, tunasafiri salama.

Hatuandiki somo hili ili kuizuia furaha hiyo. Tunaliandika kwa sababu tunaulizwa mara kwa mara, na wakazi wa Nyamityobora na vilevile na wenzao wa makazi ya Nakivale: je, kupiga picha barabarani ni kosa? Jibu letu ni kwamba kupiga picha peke yake si kosa. Lakini kila picha inayopigwa safarini inawagusa watu watatu: dereva aliye ubavuni mwako, mlinzi wa mahali unapopita, na mtu anayenaswa ndani ya picha. Abiria anayewakumbuka hao watatu hatapata taabu.

Wa kwanza: dereva

Gari linalokwenda kilomita 80 kwa saa hupita mita 22 kila sekunde. Dereva akigeuka kwa sekunde mbili tu atazame picha unayomwonyesha, gari limekwisha kwenda mita 44 pasipo macho. Katika mita hizo anaweza kuwapo mtoto anayevuka, bodaboda inayoingia barabarani, au lori lililoharibika na kuachwa bila alama. Kwa hiyo usimwonyeshe dereva picha gari likiwa mwendoni, wala usimwambie ghafula, "Simama hapo, nipige!" Barabara ya kutoka Masaka kupitia Mbarara hadi Katuna hubeba malori mazito yaendayo Rwanda na Kongo. Dereva wa lori aliye nyuma yenu hajui kwamba mmeona mandhari nzuri, na lori lake halisimami upesi kama gari dogo.

Usiku, zima taa ya simu kabisa. Mwanga wake hurudi kwenye kioo cha mbele ukamtia dereva kiwi, na picha yenyewe huonyesha kioo tu.

Mkanda usifunguliwe kwa ajili ya picha. Sheria ya usalama barabarani inamtaka abiria wa mbele aufunge, na sababu yake si faini peke yake. Magari mengi yana mfuko wa hewa mbele ya abiria, nao hufumuka kwa nguvu nyingi gari linapogonga. Simu iliyoshikwa kati ya uso na mfuko huo hugeuka kuwa jiwe. Wahenga walisema ajali haina kinga. Sisi tumeona kwamba mkanda huwarudisha wengi nyumbani.

Usitoe mkono wala kichwa nje ya dirisha. Hapa wale waliokulia Kongo, Rwanda na Burundi wazingatie jambo moja. Huko magari hupita kulia. Uganda na Tanzania magari hupita kushoto. Katika gari la Uganda, abiria wa mbele huketi kushoto, upande wa majani. Lakini gari lenye usukani wa kushoto, lililotoka Kongo au Rwanda, likiingia katika barabara zetu, abiria huyo hujikuta upande wa katikati ya barabara. Mkono utakaotolewa dirishani hapo utakutana na magari yanayokuja, na mlango utakaofunguliwa kwa haraka utafungukia mbele yao.

Wa pili: mlinzi wa mahali

Uganda ina Sheria ya Siri za Serikali, ya mwaka 1964. Sheria hiyo inahusu mahali palipokatazwa, na kupapiga picha au kupachora kwa nia inayodhuru usalama wa nchi. Ndiyo maana kambi za jeshi, vituo vya polisi, mitambo ya umeme na vituo vya mpakani si mahali pa kuinulia simu bila idhini. Ukikaribia Mutukula, Katuna, Mirama Hills au Kikagati, weka simu mfukoni kabla hujafika kwenye kizuizi. Fanya vivyo hivyo popote askari wanapokagua magari njiani.

Msomaji atauliza: picha ya kizuizi ina ubaya gani? Picha hiyo huonyesha idadi ya askari, mahali wanaposimama na saa wanazokuwapo. Mfanyabiashara wa magendo na mchuuzi wa binadamu hutafuta habari hizo hizo. Askari aliye kizuizini hana njia ya kuisoma nia yako. Anaona simu iliyoinuliwa tu.

Akikusimamisha, ishushe simu, msalimu, toa kitambulisho chako, kiwe cha uraia au cha ukimbizi, na umweleze ulichokuwa ukikipiga. Usianze kufuta picha kwa hofu kabla hujaulizwa, kwa maana kufanya hivyo huzaa shaka mahali ambapo hapakuwa na neno.

Haki inadai tuseme na upande wetu. Askari ana wajibu wa kueleza kwa nini anakusimamisha. Hakuna sheria inayompa ruhusa ya kuvunja simu ya mtu, wala ya kudai fedha ili airudishe. Likitokea hilo, usishindane naye barabarani. Shika akilini mahali, saa na namba iliyo kwenye sare yake, kisha upeleke malalamiko kwa mkuu wa kituo, kwa kitengo cha nidhamu ya polisi, au kwa Tume ya Haki za Binadamu ya Uganda. Askari asiyeeleza sababu huzaa uvumi, na uvumi hutuharibia kazi sisi sote.

Wa tatu: mtu aliye ndani ya picha

Hapa ndipo madhara makubwa hutokea, na mara nyingi kwa mikono ya watu wema.

Ajali ikitokea mbele yenu, simu ina kazi mbili. Ya kwanza ni kupiga 999 au 112, na kutaja jina la mahali. Ya pili, baada ya majeruhi kupata msaada, ni picha ya magari yalivyosimama na namba zake, ambayo utampa askari mpelelezi. Picha hiyo ni ushahidi. Picha ya uso wa majeruhi au maiti, iliyotumwa kwenye kikundi cha simu, si ushahidi wa kitu chochote.

Katika jamii zetu zote, msiba hupelekwa na mtu mzima. Anabisha hodi, anaketi, anauliza hali, ndipo anaposema. Siku hizi mama wa Nakivale aweza kuwa sokoni akiuza nyanya, akafungua simu, akaitambua shati ya mwanawe kabla ya mzee yeyote kufika mlangoni. Aliyeituma hakumkusudia mabaya, lakini hakuna anayeweza kuifuta picha hiyo moyoni mwake.

Kuna na jambo linalowahusu wakimbizi hasa. Baadhi ya majirani zetu waliwakimbia watu wanaowatafuta hata leo. Mtu aliyepigwa picha kituoni akinunua chapati, na jina la Mbarara likaandikwa chini yake, ametangazwa mahali alipo bila kuulizwa. Katiba ya Uganda ya mwaka 1995, katika ibara ya 27, inalinda faragha ya mtu, na Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha ilifuata mwaka 2019. Juu ya sheria iko adabu: kabla ya kupiga uso wa mtu, omba, kabla ya kuutuma, omba tena.

Picha njema hupatikanaje?

Futa kioo, kisha ukisogeze kamera karibu nacho bila kukigusa, maana mtikisiko wa gari hupita kwenye kioo. Lenga vitu vya mbali. Vitu vya karibu hukimbia upesi mbele ya kamera na kutoka kama moshi, bali kilima cha mbali hutulia. Atokaye Kampala kwenda Mbarara, akiketi mbele kushoto, ana bahati: Ziwa Viktoria liko upande wake kabla ya Masaka, na hifadhi ya Ziwa Mburo iko upande huo huo baada ya Lyantonde, ambako punda milia huonekana karibu na Sanga. Kayabwe, penye mstari wa ikweta, mshuke na mpige picha kwa miguu yenu, mbali na njia ya magari.

Picha ya msafiri yaweza pia kuokoa. Mwezi wa Mei 2023, mafuriko yaliharibu daraja la Katonga na barabara kuu ya Kampala na Masaka ikakatika. Ukiona maji yanakula ukingo wa barabara, mwombe dereva asimame mahali salama, piga picha, andika mahali na saa, kisha uitoe katika kituo cha polisi kilicho karibu.

Maswali ya kujadili nyumbani na katika mikutano ya mtaa

1. Katika gari letu, nani ana ruhusa ya kumwambia abiria ashushe simu?
2. Je, kikundi chetu cha simu kimekubaliana nini juu ya picha za ajali?
3. Nikiletewa picha ya majeruhi ninayemfahamu, nimwendee nani kwanza?