Kipya Kinyemi: Soma Hili Kabla ya Kununua Simu Iliyotoka Juzi

Simu mpya ikizinduliwa, baadhi ya maduka ya simu jijini Nakuru hubandika picha yake mlangoni kabla simu yenyewe haijafika. Jioni hiyo hiyo matangazo huanza kuzunguka katika makundi ya WhatsApp: tuma depositi leo, uwe wa kwanza kuipata. Wahenga walisema kipya kinyemi ingawa kidonda, na walisema hivyo kabla simu haijawa duka, benki na ofisi ya mwananchi kwa pamoja. Katika somo la toleo hili tunaangalia mahali ambapo mnunuzi wa simu mpya huumia, na anachoweza kufanya fedha zikiwa bado mfukoni mwake.

Hatumkatazi mtu kununua simu. Mkulima wa viazi Kuresoi huulizia bei ya gunia kwa simu kabla lori halijafika shambani. Mwendesha bodaboda wa Free Area hupigiwa na wateja wake kwa simu, na akina mama wa chama Njoro huchanga kwa simu. Ndiyo sababu simu ikiharibika, hasara haiishii kwenye kifaa. Kazi nayo husimama, na mara nyingi deni hubaki.

Wanunuzi wa kwanza ndio wanaojaribu

Kiwanda hupima simu zake kabla ya kuziuza, lakini hakiwezi kuiga matumizi ya watu milioni moja kwa mpigo. Kasoro nyingi hujitokeza wiki za kwanza, mikononi mwa walioharakisha.

Mfano unaojulikana zaidi ni wa Samsung Galaxy Note 7. Iliingia sokoni katika nchi za kwanza tarehe 19 Agosti 2016. Siku 14 baadaye, tarehe 2 Septemba, kampuni ilitangaza kuzirudisha, takriban milioni 2.5, kwa sababu baadhi ya betri zilikuwa zikishika moto. Wateja walipewa nyingine, na baadhi ya hizo pia zikaungua. Kufikia tarehe 11 Oktoba utengenezaji ulikuwa umesitishwa kabisa. Uchunguzi uliotolewa Januari 2017 ulionyesha kwamba betri zilitoka kwa watengenezaji wawili, na kila mmoja alikuwa na kasoro yake. Aliyengoja miezi miwili hakupoteza hata shilingi.

Si kila kasoro huwaka moto. Septemba 2023, baadhi ya walionunua iPhone 15 Pro ilipotoka walilalamika kwamba inapata joto kupita kiasi. Apple ilisema sehemu ya tatizo ilikuwa ndani ya programu, na mapema Oktoba ikatoa marekebisho. Hiyo ni kasoro ya kurekebishika, lakini kuirekebisha kunahitaji bando na mtandao wa uhakika. Aliye ndani ya Kuresoi au nyanda za Subukia anajua kwamba kupakua faili kubwa kunaweza kumla siku nzima.

Kwa maoni yetu, kungoja miezi mitatu baada ya uzinduzi kunatosha kwa mtu wa kawaida. Kasoro kubwa huwa zimejulikana, mafundi wameanza kupata skrini na betri zake, na mara nyingi bei imeshuka. Fundi asiyepata skrini ya simu yako hawezi kukusaidia hata kama ana mikono ya dhahabu.

Simu iliyotengenezewa soko la wengine

Jamaa aliye Marekani akikuletea simu, mshukuru, lakini kwanza muulize maswali mawili. La kwanza: je, imefungiwa mtandao wa kampuni ya huko? Ikiwa imefungiwa, laini yako ya Kenya haitashika mpaka kampuni hiyo iifungue. La pili: ina mahali pa kuweka laini? Tangu Septemba 2022, iPhone 14 na zilizofuata zinazouzwa Marekani hazina kabisa tundu la laini. Hutumia laini ya kielektroniki, inayowekwa ndani ya simu kwa njia ya mtandao. Mitandao yetu inaiwezesha, lakini huwezi kuitoa na kuitia kwenye mulika mwizi chaji ikiisha.

Kuna pia simu zinazoingizwa nchini na wafanyabiashara binafsi kutoka Dubai au China wiki chache tu baada ya uzinduzi. Ni simu halisi na bei yake huwa nafuu. Tatizo ni dhamana. Mara nyingi kituo cha huduma cha hapa hakitaitambua simu iliyouziwa soko jingine, na karatasi ya dhamana utakayopewa itakuwa ya duka wala si ya kampuni. Muuzaji akisema dhamana ni ya mwaka mmoja, uliza: nitaipeleka wapi ikiharibika? Akijibu "leta hapa hapa", basi dhamana yako itaishi kadiri duka hilo litakavyoishi.

Bandia hufuata jina kubwa

Wakenya tumeshapata funzo hili kwa gharama. Mwishoni mwa Septemba 2012, Tume ya Mawasiliano, ambayo sasa ni Mamlaka ya Mawasiliano, iliagiza simu bandia zizimwe. Karibu simu milioni 1.9 zilinyamaza. Wengi waliokuwa wakizishika hawakujua kwamba ni bandia. Walikuwa wameziona dukani, bei ikawa nzuri, wakalipa.

Simu bandia haiigi simu isiyojulikana. Huiga ile inayozungumziwa, na wiki za uzinduzi ndizo nzuri kwa muigaji kwa sababu wanunuzi bado hawajaishika ile halisi wakaijua uzito na sura yake.

Bonyeza *#06#. Itatokea nambari ya IMEI yenye tarakimu 15, au nambari mbili kama simu ni ya laini mbili. Linganisha na iliyoandikwa kwenye kasha, kisha na ile iliyo ndani ya mipangilio ya simu. Zote zifanane, na iandikwe kwenye risiti yako. Zisipofanana, rudisha simu mezani. Zikifanana bado usilegee, maana waigaji hunakili nambari za simu halisi. Fungua mipangilio utazame toleo la Android na ukubwa wa hifadhi, kisha piga picha na kurekodi video fupi. Simu inayodai kuwa na hifadhi kubwa ilhali inajaa baada ya video chache imekwisha kujisema.

Kuangalia toleo la Android kuna faida nyingine. Kuna simu za bei ya chini zinazouzwa kama mpya, kasha likiwa na plastiki yake, ilhali programu iliyo ndani ni ya miaka mingi iliyopita. Tangu Oktoba 2023 WhatsApp haifanyi kazi kwenye Android ya chini ya toleo la 5.0, na kiwango hicho hupandishwa mara kwa mara.

Mkopo wa simu

Hapa ndipo wakazi wengi huumia, na hapa tutakaa zaidi.

Julai 2020 Safaricom na Google walianzisha mpango wa Lipa Mdogo Mdogo: mteja alitoa Sh1,000 mwanzo, kisha Sh20 kila siku kwa miezi tisa. Ukipiga hesabu ni takriban Sh6,400. Kwa mtu ambaye hangeweza kupata hela zote kwa wakati mmoja, huo ulikuwa mlango wa kuingia mtandaoni. Tangu hapo kampuni nyingi zimeingia katika biashara hii, na simu zinazokopeshwa sasa ni pamoja na zile zilizotoka juzi, za bei ya juu.

Chukua mfano wa simu inayouzwa Sh22,000 taslimu. Wakala anakuambia ulete Sh5,000, kisha ulipe Sh90 kwa siku kwa mwaka mmoja. Sh90 ni bei ya chai na chapati mbili, na ndivyo atakavyokueleza. Lakini Sh90 mara siku 365 ni Sh32,850. Ongeza depositi, jumla ni Sh37,850. Umeilipia Sh15,850 zaidi, na kufikia siku ya mwisho simu yenyewe itakuwa ya mwaka mzima, bei yake dukani imeshuka. Hesabu hii ichukue dakika mbili, uifanye kwa simu yako ya zamani, mbele ya wakala.

Usipolipa, simu hufungwa kutoka mbali. Skrini hubaki na ujumbe wa kulipa na mambo machache tu. Kumpelekea fundi aifute hakusaidii, kwa sababu kifungo kimeunganishwa na IMEI na hurudi simu ikigusa mtandao. Fikiria mwendesha boda ambaye pikipiki yake imelala gereji wiki mbili. Hana mapato, hivyo halipi, simu inafungwa, wateja wake hawampati, hata pikipiki ikipona, anaanza upya. Kabla ya kutia sahihi, uliza siku ngapi za neema zipo, simu ikiibwa deni linabaki kwa nani, na kama jina lako linaweza kupelekwa CRB.

Wapo pia wanaouza simu ambazo bado zina deni. Unanunua kwa mtu stendi, bei nafuu, kasha lipo, na kila kitu kinafanya kazi. Baada ya siku chache simu inajifunga mikononi mwako na muuzaji hapatikani. Simu inayoonekana mpya na inauzwa na mtu binafsi kwa nusu ya bei, iulize ilikopeshwa na nani.

Siku ya kununua

Kuuza simu ni biashara kama nyingine, na duka halali lina kibali cha biashara cha kaunti, ambacho kwa kawaida hutundikwa mahali pa kuonekana. Kitazame. Dai risiti yenye jina la duka, tarehe, aina ya simu na IMEI. Usilipe depositi kwa simu ambayo haijafika nchini, hasa kwa nambari ya mtu binafsi.

Kijana wa dukani akikusaidia kuiwasha, hakikisha anatumia akaunti yako ya Google, si yake. Wengi hukubali aweke ya kwake "kwa haraka". Miezi sita baadaye simu inahitaji kufutwa, nayo inaomba nenosiri la akaunti ile, na kijana ameshahama kazi. PIN ya M-Pesa iandike mwenyewe, ukiwa umegeukia upande.

Mambo yakiharibika

Rudi dukani mapema, ukiwa na risiti na kasha, na malalamiko yako uyaandike. Kifungu cha 46 cha Katiba kinampa mnunuzi haki ya kupata bidhaa za ubora unaofaa, habari za kumwezesha kuzitumia ipasavyo, na fidia akipata hasara kutokana na kasoro. Sheria ya Kulinda Watumiaji ya mwaka 2012 inaongezea hapo. Bango la "bidhaa ikiuzwa hairudishwi" haliwezi kufuta haki hizo.

Ukishuku bandia, ripoti kwa Mamlaka ya Kupambana na Bidhaa Bandia. Biashara ya haki ni miongoni mwa majukumu ambayo Katiba imeyakabidhi kaunti, kwa hiyo afisa wa biashara wa kaunti ndogo yako, iwe ni Molo, Gilgil au Rongai, anapaswa kukusikiliza.

Duka likikataa kabisa, iko Mahakama ya Madai Madogo. Inashughulikia madai yasiyozidi Sh1,000,000, unaweza kujitetea mwenyewe bila wakili, na sheria inataka uamuzi utolewe ndani ya siku 60. Beba risiti, nakala ya malalamiko uliyoandika, na simu yenyewe. Usiipeleke kwa fundi wa kando kabla ya hapo, kwani ikishafunguliwa, muuzaji atasema fundi ndiye aliyeiharibu.